Eko mu Électronique

Constant Mwenze hakuwahi kusema uongo kuhusu binti yake. Hilo alikuwa tayari kuliapia mbele ya padri, jaji au mkewe, ingawa mkewe hakuwahi kumtaka aape. Alichofanya ni kupunguza neno moja tu. Graciella aliacha masomo ya ufamasia mwaka wa tatu, akajitosa katika musique électronique, akawa DJ. Siku ya kwanza Constant alipoulizwa habari zake, kwenye matanga ya mtu huko Jette, Brussels, alijibu, "Graciella? Eko mu électronique." Yaani yuko kwenye elektroniki. Neno musique lilibaki kooni. Halikumkwama, alilizuia mwenyewe.

Mambo yangeishia hapo bila kumdhuru mtu. Lakini miaka miwili baadaye Graciella akapata mwaliko wa kwenda kufanya kazi Japani, na Constant akawaambia watu hilo kwa furaha isiyo na hila yoyote. "Eko Japon." Sasa wewe mpe mtu wa Likasi, kule Kongo, maneno hayo mawili, électronique na Japon, umwache nayo peke yake dakika moja. Kabla ya mwezi wa tisa, Brussels nzima, au tuseme ile Brussels iliyomhusu Constant, yaani watu wa mutuelle, chama cha kusaidiana cha wana-Likasi, ilikuwa inajua kwamba Graciella Mwenze ni injinia katika kampuni kubwa ya Wajapani. Hakuna aliyejua jina la kampuni. Mshahara kila mtu aliujua.

Constant hakukanusha, na ukimtazama vizuri huwezi kumlaumu sana. Kiwanda cha magari cha Forest kilikuwa kimefungwa mwanzoni mwa mwaka. Alikifanyia kazi miaka ishirini na sita, kisha akarudi nyumbani kwake Evere na miaka hamsini na saba, na sauti kubwa ya mtu aliyezoea kusemea juu ya mashine, na hana jibu akiulizwa, "Na weye, sasa unafanya nini?" Mtu wa namna hiyo huulizwa mara moja, kisha haulizwi tena kitu. Lakini tangu habari za Japani zianze, walikuwa wanamwuliza. Walimpisha kiti. Modeste, rais wa mutuelle, mwalimu mstaafu, mwenye mtoto mmoja wakili na mwingine muuguzi, alianza kumwita Papa Ingénieur. Constant alikuwa anaitika.

Mwezi wa kumi na moja ikafika zamu yake ya kupokea mkutano wa mutuelle, Jumamosi, nyumbani kwake. Alhamisi iliyotangulia simu ikalia.

"Papa Ingénieur!" Modeste alikuwa anafoka kwa furaha. "Kumbe unatuficha mambo?"

"Mambo gani, Président?"

"Shekinah yangu ameona ku téléphone. Graciella anapita live samedi, ku Osaka! Ni à seize heures ya huku. Jina MWENZE, en grand, sawa ya ministre. Balimufanyia soirée, Constant! Soirée électronique!"

Shekinah ndiye yule muuguzi, na alikuwa anajua soirée électronique ni kitu gani, kwani alishacheza dansi katika kadhaa. Lakini alikuwa binti aliyelelewa vizuri, na hakuona sababu ya kumweleza baba yake jambo ambalo hakuuliza. Alimtumia anwani ya kutazamia, basi.

Constant akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, maana simu ilimkuta bafuni. Akasema labda réseau, yaani mtandao, haitakuwa nzuri. Modeste akasema ataleta waya. Akasema labda watu watachoka, mambo yenyewe ni ya kitaalamu. Modeste akasema hilo pia ameliwazia: atakuja na Monsieur Mudathir, yule Mtanzania anayepanga chini kwake, anayesoma masters ya elektroniki chuo kikuu, ili awafasirie.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: Jumamosi saa kumi alasiri, sebuleni kwake mwenyewe, mbele ya watu kumi na wanne na mtaalamu mmoja, Constant angepoteza heshima yake yote. Heshima nyingine hakuwa nayo.

"Ubaambie," akasema Yolande, mkewe, usiku ule kitandani.

"Nibaambie nini?"

"Kweli."

"Kweli iko murefu, Yolande."

"Ifupishe. Weye unajua kufupisha."

Akageuka upande wa ukutani akalala. Constant hakulala.

Jumamosi watu walifika kabla ya wakati, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mutuelle ianzishwe. Modeste alivaa suti. Maman Kasoki, mzaliwa wa Butembo aliyeolewa na mtu wa Likasi na kumzika, mwanamke aliyekula chumvi ya kutosha kuwaita wote pale watoto, alikuja na kitenge kipya akakaa kiti cha mbele kabisa. Mudathir alivua viatu mlangoni, akaambiwa si lazima, akaona aibu kuvivaa tena, akabaki na soksi. Yolande aliweka mezani bukari, huo ugali wao, sombe ya majani ya muhogo na kapenta, vile vidagaa vikavu, kisha akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu huona kila kitu bila kuulizwa lolote.

Modeste alifungua kwa sala. Aliwaombea vijana, akaiombea Japani, akaiombea na réseau. Kisha akasema, "Bon. Ajenda ya leo iko na point moja tu," na akabonyeza.

Televisheni ikaonyesha giza.

"Juu ya nini kuko giza?" akauliza Maman Kasoki.

"Ni usiku kule, maman," akasema Constant.

"Banafanya kazi na usiku?"

"Banafanya."

Yote mawili yalikuwa kweli tupu. Kule Osaka ilikuwa inakaribia saa sita za usiku. Taa nyekundu ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, na hapo wakaona chumba cha chini ya ardhi chenye dari fupi na kuta nyeusi, na ndani yake vijana kama mia mbili wamesimama wamebanana, wote wametazama upande mmoja. Wengi walikuwa na taulo ndogo shingoni. Wengi walikuwa na vizibo masikioni.

"Munaona?" akasema Modeste, akigeuka ili wote waone kwamba yeye anaona. "Beko na équipement. Sécurité kwanza. Ni vile Bajaponais."

Constant alivaa vizibo kama vile miaka ishirini na sita na hakuna mtu aliyewahi kumsifia.

Kwenye meza ya mbele, nyuma ya mitambo yenye vitufe na nyaya, kulikuwa na kijana Mjapani mwembamba mwenye nywele za kijani. Graciella akatokea gizani nyuma yake. Alivaa fulana nyeusi isiyo na maandishi, nywele amezisuka mistari ya kichwani kama alivyokuwa anasukwa na mama yake akiwa na miaka tisa. Kijana akageuka, akainama. Graciella akainama. Kijana akainama zaidi. Graciella naye akainama zaidi. Wakafanya hivyo mara tatu, na sebule nzima ikapiga makofi.

"Mutoto anajua heshima," akasema Maman Kasoki. "Constant, ulimulea muzuri."

Mama mmoja kwenye kochi akapiga kigelegele. Constant akamwangalia binti yake kwenye kioo kile, hajamwona miezi mitano, amekonda kidogo, na moyo wake ukajaa fahari kwa muda wa sekunde nne hivi, mpaka alipokumbuka hali yake.

Graciella akabana spika ya masikioni kwenye sikio moja, akashika kitufe, na mlio ukaanza. Haukuwa na utangulizi. Ulikuwa unagonga tu, ndu, ndu, ndu, ndu, mzito na mkavu na wa haraka, na juu yake kitu kama bati linalokwaruzwa. Glasi za harusi ya Constant zikaanza kutetemeka kabatini. Modeste akaomba sauti iongezwe, maana hawakuja kutoka Anderlecht na Jette kusikiliza nusu nusu.

Walisikiliza. Niwasifu kwa hilo: watu kumi na wanne walikaa wima, sahani mapajani, wakausikiliza mlio ule kwa adabu ya kanisani. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mlio ulikuwa ule ule, au karibu na ule ule. Vijana wa Osaka walikuwa wanaruka mahali walipo, kila mmoja kwenye nafasi yake, hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Modeste alifundisha miaka thelathini na mitano, na jambo asiloweza kulivumilia mwalimu ni kukaa darasani bila kuelewa. "Monsieur Mudathir," akasema. "Ile machine inatengeneza nini?"

Mudathir akameza kapenta. "Actually, wazee wangu, pale nikiangalia..."

Akaangalia kioo. Alikuwa ameelewa tangu dakika ya kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa na macho. Kisha akamwangalia mwenye nyumba. Constant alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyefika mbele ya foleni dukani akagundua pochi ameiacha nyumbani.

"Pale kuna signal inaingia," akasema Mudathir taratibu. "Inapita kwenye filter. Halafu inatoka kwenye speaker. Yeye dada ndiye ana-control."

"Na inatengeneza nini?"

"Output, mzee."

"Output," Modeste akawaambia wengine, na wengine wakatikisa vichwa.

"Na bale bengine?" Maman Kasoki alikuwa hajaridhika. "Juu ya nini banaruka?"

"Wanapokea output, mama."

Constant akavuta pumzi ya kwanza kamili tangu Alhamisi. Akafikiri huenda litapita. Kulikuwa na Mungu, na kama hayuko, kulikuwa na Mtanzania. Muda ulibaki chini ya saa nzima, kisha watu wangekula kilichobaki, wangempa mkono, wangeondoka na injinia wao. Akajisogezea sahani ya sombe.

Ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika kumi, mlio ukakatika ghafla. Taa nyekundu ikazimika. Vijana wote wa Osaka wakainua mikono, wakangoja. Na katika kimya kile ikatoka sauti ya mwanamume, kubwa, yenye mwangwi kama mtu anayesemea ndani ya pipa.

"DJ," ikasema.

Kisha, "DJ. DJ. DJ. DJ."

"Nani anasema?" akauliza Modeste.

Mdundo ukarudi, safari hii kwa kasi zaidi, na sauti ikarudi nao. "Usiseme. Usiseme. Usiseme. Usiseme DJ."

Modeste akaruka kutoka kitini. "Ni Kiswahili! Munasikia? Bantu yangu, Kiswahili ku Japon!" Na watu wakapiga makofi, wengine wakasimama, mama wa kigelegele akajiandaa. Hapo sauti ikaachiwa yote, bila kukatwa, juu ya mdundo unaokwenda kama moyo wa mtu anayekimbizwa:

"Bon, Graciella, ni papa. Bakikuuliza, usiseme DJ. Sema uko mu électronique. Usiseme DJ."

Makofi yakafa moja moja. La mwisho kunyamaza lilikuwa la Modeste.

"Ile sauti naijua," akasema Yolande kutoka mlango wa jikoni. "Nalala nayo miaka thelathini na mmoja."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Hakuna mtu mwingine Brussels mwenye sauti ile. Hata mkutanoni akiomba chumvi watu hudhani anagombana. Constant alitamani sakafu ipasuke impeleke kwa jirani wa chini. Sasa alikumbuka. Ilikuwa mwaka uliopita, kabla ya harusi ya mpwa wake huko Charleroi. Alikuwa kituoni anangoja basi, akamtumia Graciella sauti kwenye simu, sekunde kumi na tano, akapanda basi, akasahau. Graciella alikuja harusini. Kila aliyemwuliza alimjibu "électronique", akala kidogo, akaondoka na treni ya saa mbili. Constant alifikiri wakati ule kwamba mtoto ametii vizuri.

Kule Osaka walikuwa wameipenda. Maneno ya Kiswahili yanakaa vizuri kinywani mwa Mjapani, silabi kwa silabi, na mara ya tatu wale vijana mia mbili wote walikuwa wanayarudisha wakiwa wameinua ngumi. "U-si-se-me! U-si-se-me!" Yule wa nywele za kijani alikuwa pembeni, anapiga ukuta kwa kiganja. Hakuna hata mmoja aliyejua anasema nini. Sebuleni Evere wote walijua.

Kamera ikamsogelea Graciella. Hakuwa anacheka wala hakuwa na hasira. Alikuwa ameinamia mitambo yake kama mtu anayepima dawa, na midomo yake ilikuwa inatembea. Constant akainuka, akakisogelea kioo. Binti yake alikuwa anayasema maneno yale pamoja naye, yote, kutoka "Bon, Graciella, ni papa" mpaka mwisho, na alikuwa anajua hata mahali baba yake alipovuta pumzi.

Ilimwuma. Alimpa mtoto yule maneno mengi maishani, ya kumfundisha kuendesha baiskeli, ya kumwonya juu ya barafu, ya kumtania kwenye meza. Na ya kwenda nayo Japani, ya kuyahifadhi na kuyajua kwa moyo, ni haya. Kwa mara ya kwanza hakumwonea aibu Graciella. Alijionea mwenyewe.

"Donc," akasema Modeste nyuma yake, polepole, "haiko ingénieur."

"Miye sikusema ingénieur. Ni ninyi mulisema."

"Ulisema électronique!"

"Ni électronique."

"Kiufundi ni kweli," akasema Mudathir, kisha akatamani angekaa kimya.

"Nilikuita Papa Ingénieur mbele ya bantu," akasema Modeste. "Mbele ya consul! Na weye unaitika!" Alikuwa ameumia kweli, na watu hawakumzoea akiwa ameumia. Walimzoea akiwa anazungumza.

Maman Kasoki hakuwa amegeuka. Bado alikuwa anatazama kioo. "Constant," akasema. "Yule mutoto anaiba?"

"Hapana, maman."

"Anaua bantu?"

"Hapana."

"Anabaletea bale batoto bulevi? Naona banakunywa maji."

"Banakunywa maji."

"Alors alikufanyia nini?"

Constant akachukua simu mezani akapita katikati ya magoti ya watu, akatoka kwenye korido, akafunga mlango.

Korido ilikuwa na makoti ya wageni mpaka juu. Akajipenyeza katikati yao, akabonyeza alama ya sauti, akasema, "Graciella, ni papa. Tunakuangalia. Tuko bote. Futa ile. Tia hii." Alishaona kwamba binti anakata maneno, kwa hiyo akayafanya mafupi, akayatenga. "Graciella ni mutoto yangu. Ni DJ." Akaituma. Sebuleni mlio ulikuwa unatikisa mlango, na hakuna aliyemsikia. Nadhani ndiyo maana alichagua korido.

Aliporudi alikuta hakuna aliyeondoka. Bukari ilikuwa bado ipo, na isitoshe hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Walibaki wakamtazama Graciella mpaka saa kumi na moja na nusu, wakamwona anashusha mlio mpaka ukaisha, anainamia watu wake, na watu wake wanamwinamia. Safari hii sebuleni hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Yolande. Alipiga peke yake, muda mrefu, akiwa na kitambaa cha vyombo begani. Mudathir akamsaidia mwishoni.

Dakika ishirini baadaye simu ya Constant ikalia. Ilikuwa sauti iliyotumwa na Graciella, imekauka, na nyuma yake upepo na baiskeli inayopita.

"Papa. Nilisikia. Lakini kuko bruit mingi, musiki inakufunika, hata sauti yako haionekani. Na makoti inakula aigus yote, ile sauti ya juu. Uko mu korido, siyo? Enda mu salon, pale karibu na rideau. Refais, rudilia."

Constant akaandika kwa kidole kimoja: Mu salon kuko bantu.

Jibu likaja upesi. Baambie banyamaze.

Akangoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akayasoma maneno yale mara nyingi na hakuweza kujua kama aliyeyaandika ni fundi wa sauti au ni mtoto wake.

Alisimama pale karibu na pazia muda mrefu kiasi kwamba watu wakaanza kumtazama. Modeste alikuwa kwenye kiti chake, amefungua kifungo cha suti, anachambua mifupa ya samaki isiyokuwepo.

"Président," akasema Constant. "Naomba silence."

"Ya kufanya nini?"

"Niko na kintu ya kusema. Ni enregistrement, ya kurekodi ku téléphone. Graciella anaomba."

Modeste alikuwa na kila haki ya kukataa. Lakini alikuwa mtu wa taratibu, na mtu akiomba nafasi ya kusema mkutanoni, rais humpa, hata kama rais mwenyewe ana uchungu. Akasimama, akafunga kifungo. "Silence," akasema. "Papa Constant eko na parole."

Yolande akazima televisheni. Kisha akaenda jikoni akachomoa waya wa friji, ambayo ilikuwa ikinguruma tangu wahamie, na kimya kilichofuata kilikuwa kipya kabisa katika nyumba ile. Watu wakaweka sahani chini. Mama wa kwenye kochi akavua bangili.

"Usiishike karibu sana, mzee," Mudathir akanong'ona. "Sentimita ishirini. Sauti yako inatosha."

Constant akaishika sentimita ishirini. Akabonyeza.

"Graciella ni mutoto yangu," akasema. "Ni DJ."

Aliyasema mbio mbio, kama mtu anayetaja anwani yake kwa polisi. Kabla hajaondoa kidole, Maman Kasoki akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, cha mtu asiye na ugonjwa wowote.

"Iliingia?" akauliza.

"Imeingia, mama," akasema Mudathir.

"Pardon. Basi rudilia, mutoto."

Constant akafuta. Akapangusa mkono kwenye suruali, akabonyeza tena. Watu kumi na wanne walikuwa wanamtazama usoni, Modeste akiwa wa karibu zaidi, na hakuna aliyekuwa anatafuna. Akasema tena, na mara hii hakuharakisha.